Behewa la Nafaka katika Nchi ya Chai

Litajwapo jina la Kericho, mtu huona katika mawazo yake mashamba ya chai yaliyotandazwa juu ya vilima kama mkeka wa kijani, na wachumaji wakipita katikati yake na vikapu migongoni. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Majani ya chai hayasongwi yakawa ugali. Tangu chai ya biashara ilipoanza kupandwa kwa wingi huko Kericho, yapata miaka ya 1924 na 1925, kila mkono uliochuma ulipata nguvu zake katika mahindi, na mahindi hayo yalikuwa na safari yake, magunia yake na magari yake. Katika makala hii nataka kumtembeza msomaji katika nchi ya Kericho na Bomet akifuata njia ya gunia la mahindi, na hasa kueleza habari za mabehewa ya reli yaliyobeba nafaka: yalikuwaje, yalipakiwaje, yalimfaidi nani, na kwa nini jambo hilo lamhusu mkulima hata leo.

NJIA YA RELI

Kwanza yafaa ifahamike kwamba reli haikuingia Kericho mjini wala Bomet. Reli ya Uganda, iliyofika ukingo wa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901, ilipita kaskazini mwa nchi hiyo. Ukitoka Nakuru unapanda kwa Njoro, Elburgon na Molo hata kilele cha Mau, mahali palipo juu ya bahari kwa futi 8,322. Kutoka hapo njia huanza kuteremka: Londiani, Kedowa, Kipkelion, Fort Ternan, kisha Koru na Muhoroni, mpaka inapofika uwanda wa Kano na Kisumu, ambako kimo cha nchi hakizidi sana futi 3,700.

Mteremko huo uliwasumbua sana wajenzi. Mabonde ni mengi na makorongo ni ya kina, hivyo ikalazimu kujenga madaraja marefu ya chuma 27 kati ya kilele cha Mau na Fort Ternan. Kazi hiyo ilipewa American Bridge Company ya Marekani, na vyuma vilivukishwa bahari mbili kabla ya kufika Mombasa. Msafiri akitazama dirishani leo aweza kustaajabia mandhari, lakini mkulima na atazame mteremko wenyewe, maana ndio uliopanga uzito wa mizigo. Behewa lililojaa mahindi Kipkelion, likielekea Mombasa, halikuanza kwa kuteremka. Lilianza kwa kupanda hadi kilele cha Mau. Kisha likateremka katika Bonde la Ufa. Kisha likapanda tena ukingo wa Kikuyu karibu na Limuru. Ndipo lilipopata mteremko wa kwenda pwani. Kila mwinuko ulikula makaa, kuni au mafuta, na kila kilichotumiwa kilikuwa na bei, na bei ile ilikuwa na mtu wa kuilipa.

Stesheni iliyokuwa mlango wa Kericho ni Kipkelion. Zamani iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis, nalo halikuwapendeza wenyewe. Baada ya Uhuru jina hilo liliachwa, likashika jina la wenyeji. Hapo ndipo malori ya mashamba ya chai yalipokuwa yakishusha masanduku ya mbao nyembamba yaliyojaa chai, na hapo ndipo magunia yalipopandishwa na kushushwa.

LONDIANI KABLA YA MWAKA 1924

Londiani leo ni mji mdogo wa baridi, jirani na misitu, na watu wengi huujua kwa chuo chake cha misitu. Lakini zamani ulikuwa kituo kikubwa kwa nafaka. Kabla ya reli mpya kutoka Nakuru kufika Eldoret katika mwaka wa 1924, nchi yote ya Uasin Gishu ilitegemea Londiani. Mahindi na ngano zilivutwa na magari ya ng'ombe, jozi baada ya jozi zikifungwa nira, katika njia ambayo wakati wa mvua iligeuka kuwa tope la kumeza magurudumu. Gari likikwama, magunia yalishushwa, gari likasukumwa, magunia yakapakiwa tena. Safari ambayo lori humaliza kabla ya chakula cha mchana iliweza kuchukua majuma.

Basi msomaji afahamu jambo la kwanza katika biashara ya nafaka: si shamba peke yake linalompa mtu faida, bali pia umbali wa shamba hilo kutoka gurudumu la karibu. Reli ilipofika Eldoret, thamani ya gunia la Uasin Gishu ilipanda bila shamba kuongeza hata punje moja.

BEHEWA LA NAFAKA LILIKUWA LA NAMNA GANI?

Watu wengi hudhani kwamba kulikuwa na behewa maalumu la mahindi. La. Katika nchi zetu nafaka ilisafiri ndani ya magunia, na magunia yalipakiwa katika behewa la kawaida lililofunikwa, lenye sakafu, kuta, paa, na milango ya ubavuni. Behewa lile lile liliweza kuleta chumvi, sukari, saruji, majembe na vitambaa kutoka Mombasa, kisha likarudi na mahindi, kahawa au chai.

Yafaa tulinganishe na nchi ya Kanada, mojawapo ya nchi kubwa kwa ngano duniani. Huko, katikati ya karne iliyopita, ngano haikutiwa katika magunia. Kando ya reli kulikuwa na maghala marefu ya mbao, na mkulima alileta ngano yake humo ikapimwa na kupandishwa juu kwa mashine. Kisha ilimiminwa kwa bomba kubwa ndani ya behewa la kawaida la futi 40. Ili punje zisimwagike mlangoni, wafanyakazi walipigilia mbao ndani ya mlango mpaka zikafika kimo cha ngano. Behewa lilipofika bandarini, mbao zilivunjwa, na watu wakaingia na sepetu kuisukuma ngano nje, katika vumbi kali. Tangu mwaka wa 1972 Serikali ya Kanada ilinunua maelfu ya mabehewa ya namna nyingine, ya mviringo kama mapipa, ambayo hujazwa kwa matundu ya juu na kumwagwa kwa milango ya chini. Kazi iliyohitaji watu kadhaa na sepetu sasa yatimizwa kwa kufungua mlango.

Je, kwa nini sisi hatukufuata njia hiyo? Sababu ni tatu. Ya kwanza, wakulima wetu wengi walikuwa wadogo, na gunia moja laweza kwenda kichwani, juu ya punda, katika gari la ng'ombe, katika lori, katika reli na hata melini, pasipo kumiminwa njiani. Ya pili, behewa la namna ya pipa haliwezi kurudi na majembe na vitambaa. Lingepanda tupu kutoka Mombasa mpaka Mau, na safari tupu hulipwa na yule anayeleta mzigo. Ya tatu, reli yetu ilikuwa nyembamba, upana wa mita moja, hali reli ya Kanada ina futi 4 na inchi 8 na nusu. Kwa hiyo mabehewa yetu yalikuwa madogo zaidi.

Lakini gunia nalo lilikuwa na gharama yake. Magunia ya nyuzi za juti yalinunuliwa mbali, nchi ya Bengal, kabla ya magunia ya katani ya hapa kupatikana kwa wingi. Hivyo mkulima wa Kericho alilipa mfuko uliotoka ng'ambo ili autie mahindi yaliyomea nyuma ya nyumba yake.

KAZI YA KUPAKIA

Gunia la mahindi lilihesabiwa kuwa ratili 200, na vipimo vilipobadilishwa likahesabiwa kilo 90. Tuseme behewa lachukua tani 30. Gawanya kwa kilo 90, utapata magunia 333. Hiyo ndiyo hesabu ambayo karani wa mizigo alipaswa kuiweka kichwani, maana behewa lililopungua magunia 50 ni hasara, na behewa lililozidishwa uzito ni hatari katika miteremko ya Mau.

Kabla ya kupakia, behewa lilihitaji kukaguliwa, na njia iliyo rahisi ni hii: mtu huingia ndani, milango ikafungwa, akatazama juu. Aonapo mwanga, hapo ndipo maji yatakapopita. Katika nchi ya Kericho jambo hilo si dogo, kwa kuwa mvua hunyesha karibu kila alasiri katika miezi mingi, tena mara nyingi huja na mawe. Baada ya hapo sakafu hufagiliwa. Behewa lililobeba ngozi, mbolea au mafuta ya taa halifai kwa mahindi, na kwa chai halifai kabisa, maana chai hufyonza harufu upesi sana.

Kisha huja magunia. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani: je, zimekauka? Zimeliwa na fukusi? Zimechanganywa na zilizooza? Lililokubaliwa hupimwa, hushonwa kwa shazia, na kupangwa mbali kidogo na mlango ili mvua isilipate. Milango ikifungwa, hutiwa lakiri ya risasi, na karatasi ya mzigo ikaandikwa: stesheni itokako, stesheni iendako, hesabu na uzito. Lakiri ikivunjika njiani, karatasi ile ndiyo shahidi peke yake. Makarani wenzangu watanielewa nikisema kwamba tarakimu moja iliyoandikwa vibaya iliweza kupoteza jasho la mwaka mzima la mtu asiyejua kusoma.

BEI YA GUNIA

Hapa tumefika penye kiini cha habari. Behewa lilikuwa moja na reli ilikuwa moja, lakini waliopakia hawakulipwa sawasawa.

Mwaka wa 1922 kamati iliyoongozwa na Bowring ilishauri kwamba kilimo cha mahindi ya kuuzwa ng'ambo kisaidiwe, na kwamba nauli ya reli kwa mahindi hayo ipunguzwe. Walionufaika zaidi walikuwa walowezi wa kizungu wenye mashamba makubwa karibu na reli. Nauli ikipunguzwa upande mmoja, lazima fedha zipatikane upande mwingine, nazo zilipatikana kwa kutoza zaidi bidhaa zilizoletwa kutoka ng'ambo, pamoja na zile ambazo mwananchi alizinunua dukani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozidi, Serikali ilianzisha Udhibiti wa Mahindi katika mwaka wa 1942, na chama cha wakulima cha KFA cha Nakuru kikawa wakala wake. Bei iliwekwa kwa amri. Mlowezi alipata bei kubwa zaidi. Mwafrika alipata pungufu, kwa sababu katika fungu lake zilikatwa gharama za usafiri, faida ya wachuuzi, na mchango wa mfuko wa kuendeleza kilimo. Mahindi yalipomiminwa pamoja ghalani hakuna aliyeweza kutambua punje ya mlowezi na punje ya Mkipsigis. Tofauti ilikuwa katika daftari tu.

Sisemi hayo kwa kutaka kuamsha chuki iliyopita. Nayasema kwa kuwa mkulima asiyejua gunia lake linapitia mikono mingapi hawezi kujua ni mkono gani uliomega.

MAHINDI YASIYOPANDA GARI

Hata hivyo, si mahindi yote ya nchi hii yaliyofika stesheni. Wakipsigis walikuwa watu wa ng'ombe na wimbi, lakini katika miaka ya 1920 na 1930 walishika plau na mahindi kwa bidii iliyowashangaza wageni. Soko lilikuwa karibu: mashamba ya chai. Katika desturi za kazi za zamani, mfanyakazi alipewa posho ya unga yapata ratili 2 kwa siku. Basi gunia moja la ratili 200 liliwalisha watu 100 kwa siku moja. Shamba lenye wafanyakazi 1,000 lilikula magunia 10 kila siku ya Mungu, na kwa mwezi magunia 300, karibu behewa zima tukifuata hesabu yetu ya hapo juu.

Ndipo magari ya ng'ombe yalipojaa katika njia za Kericho. Wengine walijenga vinu vya maji kandokando ya mito, wakasaga mahindi na kuuza unga. Jambo hili lina uchungu ndani yake, nalo halifai kufichwa. Ardhi ya chai ilikuwa nchi ambayo wenyeji waliondolewa, na mwaka wa 1934 ukoo mzima wa Talai ulihamishwa hata Gwassi, karibu na ziwa. Waliobaki walilima katika nchi iliyopungua, na mavuno yao yakawalisha wachumaji wa chai iliyopandwa katika nchi waliyonyang'anywa. Lakini uhodari wao katika biashara nao ni kweli, nao hauna budi kuandikwa. Hawakungoja behewa; walitengeneza soko pale pale walipokuwa.

BOMET, NCHI ILIYOGEUZA SAFARI

Tukienda kusini kutoka Kericho, barabara hupita katika chai ya Litein na Konoin, ambako leo wakulima wadogo wana vishamba vyao na hupeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1964. Ukiteremka zaidi, kuelekea Longisa, Sigor na Chepalungu, hewa hubadilika ikawa kavu, chai ikatoweka, yakabaki mahindi, maharage na mifugo.

Katika sehemu hizo za Longisa, mwezi wa Septemba 2011, ulionekana ugonjwa ambao haukuwahi kujulikana nchini Kenya. Majani ya mahindi yaligeuka manjano, yakakauka kutoka pembeni, na mabunzi yakawa hayana kitu. Wataalamu waligundua kwamba virusi viwili hukutana katika mmea mmoja na kuuua. Kutoka Bomet ugonjwa ulienea katika mikoa mingine na nchi jirani. Familia zilizokuwa zikiuza magunia zilianza kununua kwa gorogoro. Wengine waligeukia viazi, wengine mboga, na wengine, pale hali ya nchi iliporuhusu, waliongeza chai.

Hivyo safari ya gunia ikageuka. Nchi iliyopeleka mahindi sasa yapokea. Lakini si mara ya kwanza behewa la nafaka kupanda badala ya kuteremka. Katika ukame wa mwaka wa 1984 Kenya iliagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani, na wazee wangali wakisimulia rangi na ladha ya ugali wake. Reli ile ile iliyojengwa ili itoe mazao bara ilitumika kuleta chakula bara. Behewa halina upendeleo. Huenda palipo na haja na fedha.

LEO NA KESHO

Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka wa 1977, na kila nchi ikachukua reli yake. Kadiri miaka ilivyopita malori yalichukua sehemu kubwa ya mizigo. Reli mpya ya upana mkubwa ilifika Nairobi mwaka wa 2017, na sehemu ya kwenda Naivasha ikafunguliwa mwaka wa 2019. Lakini kutoka Naivasha kwenda Kipkelion na Kisumu njia ni ile ya zamani, ya mita moja, na mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Mombasa nako, tangu mwaka wa 2000, kuna ghala kubwa ambamo nafaka ya meli hufyonzwa kwa mashine bila gunia, namna ya Kanada. Bara, gunia bado ni mfalme.

Je, mkulima wa Kericho na Bomet afanye nini? Nina maneno matatu.

La kwanza ni ukavu. Ghala la serikali hupokea mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5. Katika nchi ya mvua kama yetu, tusidanganyike na punje iliyong'aa kwa nje. Waswahili husema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi mabichi huoza, tena huua. Mwaka wa 2004, katika mashariki ya Kenya, sumu ya ukungu wa mahindi iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Tukaushe juu ya turubali, si juu ya udongo mtupu.

La pili ni mizani. Gunia la kilo 90 liwe la kilo 90. Kilo zinazoongezwa juu kwa kisingizio cha desturi ni zawadi kwa mchuuzi, nazo zikijumlishwa katika behewa zima ni magunia kadhaa ambayo hayana mwenyewe. Mtu na apime nyumbani kabla ya kupimiwa sokoni, tena aandike.

La tatu ni umoja. Mtu mwenye magunia 10 hawezi kukodi behewa, wala lori kubwa; hungoja mchuuzi apite, akakubali bei atakayopewa. Lakini watu 33 wenye magunia 10 kila mmoja wana magunia 330, nayo ni behewa zima. Hapo ndipo wawezapo kuuliza bei Nakuru, Kisumu na Kericho, wakachagua. Wakulima wadogo wa chai wamekwisha kujifunza jambo hilo, maana hakuna mmoja wao awezaye kuwa na kiwanda peke yake, na kwa pamoja wanavyo vingi. Kwa nini mahindi yawe nyuma?

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikijaa hujaza debe, debe hujaza gunia, na magunia ya majirani waaminifu hujaza behewa. Anayejaza behewa ndiye anayesikilizwa anapotaja bei.